Wachoraji wa Moshi: Habari za Picha za Viwanda Zilizochorwa Nje kwa Rangi Chache

Jioni ya leo, wasikilizaji wetu, twataka kuzungumza nanyi habari za watu waliobeba sanduku dogo la rangi wakaenda kusimama mahali ambapo wenzao walipita mbio huku wameziba pua: kando ya stesheni za magari ya moshi, ukingoni mwa mito yenye mashua za makaa ya mawe, na mbele ya viwanda vyenye dohani ndefu zilizotoa moshi mchana kutwa. Walikwenda kupachora mahali pale kwa rangi za mafuta, jua likiwaka na upepo ukivuma. Na wako miongoni mwao walioona kwamba kazi ya namna hiyo haitaki rangi nyingi. Rangi nne au tano zatosha, mtu akizijua vizuri.

Labda mtauliza, habari za wachoraji wa Ulaya na moshi wao zatufaa nini sisi? Sababu tunayo, nayo ni kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliwaagiza vijana wa chuo chetu cha ualimu kila mtu achore mahali pazuri anapopajua. Wengi walituletea minazi, na mlima, na ng'ombe wakinywa maji, na jua likizama. Kijana mmoja alileta karakana ya reli: paa la mabati, rundo la vyuma, na watu wanne wadogo wakisukuma behewa. Tukamrudishia karatasi yake, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba tuliagiza mahali pazuri. Hakubishana nasi. Alisema tu kwa adabu, "Bwana Mwalimu, huyu wa pili ni baba." Darasa zima likanyamaza. Nasi tukanyamaza, kisha tukaita karatasi ya mwanafunzi mwingine.

Tangu siku ile neno la kijana yule halikututoka moyoni. Tulianza kusoma habari za wale waliotangulia kuchora mahali pa kazi, ili tujue kama kweli mtoto yule alikosea. Tuliyoyapata ndiyo haya tunayowaletea.

Kwanza yatupasa kujua kwamba zamani rangi za mafuta hazikuweza kusafiri kwa urahisi. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi, ama wa udongo, ama wa jiwe, ama wa kitu kilichopikwa kwa dawa, uliosagwa pamoja na mafuta, na mara nyingi mafuta hayo ni ya mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kwa njia ya maji, ambayo hupaa hewani yakaisha. Yenyewe huvuta oksijeni ya hewa, yakageuka polepole kuwa kitu kigumu kama ngozi, na jambo hilo huchukua siku nyingi. Hiyo ndiyo neema yake, maana mchoraji aweza kurudia kazi, akakwangua kwa kisu palipoharibika, akachanganya rangi mbili juu ya kitambaa chenyewe. Lakini ndiyo taabu yake pia, kwa kuwa rangi iliyokwisha sagwa haiwezi kuachwa wazi.

Basi watu waliitia katika vibofu vya nguruwe wakavifunga kwa uzi. Mtu akitaka rangi hutoboa kibofu kwa msumari mdogo, akaminya kiasi cha haja yake, kisha akaziba tundu kwa msumari ule ule. Vibofu hivyo vilipasuka njiani, na rangi iliyomo ilikauka upesi baada ya kutobolewa. Hata hivyo wako waliojaribu kutoka nje. Mwingereza John Constable, katika miaka ya 1821 na 1822, alichora mawingu kwa rangi za mafuta juu ya karatasi kule Hampstead, karibu na London. Lakini michoro ile ilikuwa kama daftari la mazoezi. Picha ya kuonyeshwa kwa watu ilitengenezwa nyumbani.

Katika mwaka wa 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, mchora sura za watu aliyekuwa akikaa London, alipata hati ya kulinda ufundi wake mpya: mrija wa bati laini wenye kifuniko, unaominywa kutoka chini. Ni mrija wa namna ile ile ambayo baadaye ilitumika kwa dawa ya meno. Jambo dogo sana, mtasema. Lakini tangu hapo mtu aliweza kutia mirija kadhaa katika sanduku, akakunja kiunzi chake cha miguu mitatu, akatoka asubuhi na kurudi jioni, na rangi yake haikukauka. Na zilikuwako reli za kumchukua. Reli iliyoleta moshi mjini ndiyo iliyompeleka mchoraji shambani siku ya mapumziko. Na wengine walipofika stesheni waliitazama ile stesheni yenyewe, wakaona kwamba hapana haja ya kwenda mbali zaidi.

Mmoja wao alikuwa Claude Monet, Mfaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1840 na kukulia Le Havre, mji wa bandari. Huko kijana huyu alifundishwa kuchora nje na Eugène Boudin, mtu aliyependa mawingu na pwani. Mwaka 1872 Monet alichora bandari ya Le Havre alfajiri, akiitazama kutoka dirishani: jua jekundu, ukungu, milingoti, vyombo vya kuinulia mizigo na dohani kwa mbali, na mashua mbili tatu nyeusi. Picha ile ilionyeshwa Paris mwaka 1874 pamoja na kazi za wenzake, na mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, akaifanyia mzaha kwa jina lake, maana Monet aliita kazi hiyo mguso tu wa jua linalochomoza. Mzaha ule uliwapa wachoraji wale jina ambalo dunia yote huwaita hata leo, yaani Waimpreshonisti. Tukumbuke basi kwamba picha iliyowapa jina ni picha ya bandari ya kazi na moshi wake, wala si ya bustani.

Mwezi wa Januari 1877 Monet alipewa ruhusa kuchora ndani ya Saint-Lazare, stesheni kubwa ya Paris. Alichora picha kumi na mbili za mahali pale: ndani chini ya paa la vioo, na nje penye njia za reli, alama na daraja. Hebu tufikiri taabu yake. Mvuke haukai mahali pamoja hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Gari likiisha kuondoka, picha nzima imebadilika. Wapiga kelele wako, wasafiri wako, na masizi hushuka juu ya rangi mbichi. Monet alijibu taabu hiyo kwa kuwa na vitambaa kadhaa. Baadaye ikawa desturi yake kwamba nuru ikibadilika alikiweka kimoja akachukua kingine. 

Wataalamu wa National Gallery, nyumba ya picha ya London, walipochunguza mojawapo ya picha zile za stesheni kwa vyombo vyao, waliona jambo la ajabu. Paa lile lionekanalo jeusi na la kijivu, na moshi ule mchafu, karibu vyote havina rangi nyeusi ndani yake. Monet alichanganya buluu kali, kijani kali, nyekundu na manjano, akazipata giza na vumbi kwa njia ya rangi zinazong'aa zenyewe. Nyingi kati ya rangi hizo zilikuwa mpya, zimetengenezwa na wanakemia katika karne ile ile. Kwa hiyo hata rangi aliyochorea kiwanda ilikuwa imetoka kiwandani.

Lakini njia ya Monet si njia pekee, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na fedha kidogo iko njia nyingine iliyo karibu zaidi. Plinio, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba wachoraji mashuhuri wa Wayunani, Apelles akiwa mmoja wao, walifanya kazi zao kwa rangi nne tu: nyeupe, manjano, nyekundu na nyeusi. Na katika miaka iliyo karibu nasi zaidi, Anders Zorn wa Uswidi, aliyeishi tangu 1860 hata 1920, alijulikana sana kwa rangi nne za namna hiyo: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu kali ya zinjifuri, na nyeusi ya pembe. Zorn alitumia rangi nyingine mara kwa mara alipozihitaji, lakini picha nyingi alizijenga juu ya nne hizi.

Mtu asiyejaribu atasema, "Je, buluu itatoka wapi, na kijani?" Na ajaribu. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu, na kijivu hicho kikiwekwa karibu na manjano ya udongo, jicho hukiona kama buluu ya mbali. Nyeusi ikichanganywa na manjano hutoa kijani cha majani makavu. Jicho la binadamu halipimi rangi moja moja kama duka lipimavyo sukari. Hulinganisha jirani na jirani. Basi mchoraji mwenye rangi chache hafanyi kazi ya umaskini. Rangi zake zote ni ndugu, kwa kuwa kila mchanganyiko una damu ya wenzake, wala hazigombani katika picha.

Tena nje rangi chache zina faida tatu. Ya kwanza, sanduku ni jepesi. Ya pili, nuru haingoji: yapata saa moja au mbili, kivuli cha dohani kimehama kutoka ukuta huu mpaka ule, na mtu mwenye mirija ishirini hupoteza muda wake akichagua. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, mahali pa viwanda penyewe ni mahali pa rangi za kijivu, na kijivu zina aina nyingi kuliko tunavyodhani. Tazameni moshi siku moja kwa makini. Moshi mwembamba ukipita mbele ya mlima au ukuta mweusi huonekana kama una buluu. Moshi ule ule ukipita mbele ya anga nyeupe, nuru ikija kutoka nyuma yake, huonekana hudhurungi. Moshi haukubadilika, kilichobadilika ni kile kilicho nyuma yake. Mchoraji asiyejua haya hupaka moshi wote rangi moja, nao huonekana kama pamba chafu.

Tusimsahau Camille Pissarro. Huyu alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, ambacho siku zile kilikuwa koloni la Denmark katika bahari ya Karibi, akahamia Ufaransa. Mwaka 1873 alichora kiwanda ng'ambo ya mto Oise, karibu na Pontoise alipokuwa akikaa. Hakukificha nyuma ya miti, wala hakukifanya kiwe jitu la kutisha. Alikiweka penye nuru ile ile aliyowapa wakulima na mboga zao. Yapata mwaka 1878 alichukua kibao chake cha kuchanganyia rangi, akachora juu yake mashamba na gari la farasi, akaziacha ukingoni rangi chache alizotumia, ili atazamaye aone jinsi vifungu vile vidogo vya rangi vilivyozaa miti, anga na udongo. Kwa mwalimu, kibao hicho chashinda kitabu kizima.

Uzeeni Pissarro alipata ugonjwa wa jicho, na upepo na vumbi vikamdhuru. Hakuweza tena kusimama nje siku nzima. Je, aliacha? Alipanga chumba hotelini katika mji wa Rouen, mwaka 1896 na tena mwaka 1898, akaweka kiunzi dirishani, akachora madaraja ya mto Seine, magati, vyombo vya kuinulia mizigo, merikebu za moshi na watu wakipita mvuani. Rouen ni mji wenye kanisa kuu la zamani lililochorwa na wengi. Pissarro aliona uzuri katika daraja la chuma na watu waendao kazini, akarudi kuuchora kwa mvua, kwa jua na kwa ukungu. Alifariki mwaka 1903.

Sasa tumefika penye neno zito, nalo hatuna ruhusa kulipita. Tangu mwaka 1899 mpaka 1901 Monet alikwenda London mara tatu, akakaa Hoteli ya Savoy juu ya mto Thames, akachora madaraja ya Charing Cross na Waterloo katika ukungu. Vitambaa alivyoanza vilikaribia mia moja, na mwaka 1904 alionyesha picha 37 za mto ule huko Paris. Ukungu alioupenda haukuwa ukungu wa mto peke yake. Ulikuwa umechanganyika na moshi wa makaa ya mawe ya viwanda na majiko ya nyumba. Katika barua moja aliyompelekea mkewe mwaka 1900 alieleza jinsi alivyoamka akahuzunika kuona anga safi bila ukungu hata kidogo, kisha akafurahi pole pole watu walipowasha mioto yao na moshi ukarudi.

Hapo yatupasa kusimama na kufikiri. Moshi uliomfurahisha mchoraji hotelini ulikuwa ukiingia mapafuni mwa mama aliyewasha moto ule. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London siku tano, na watu wapatao elfu nne walihesabiwa kuwa wamekufa kwa sababu yake. Wataalamu waliohesabu baadaye walisema walikuwa wengi zaidi kuliko hao. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kusafisha hewa. Na hata rangi nyeupe waliyoipenda wachoraji wa zamani ilitengenezwa kwa risasi, nayo ni sumu. Watu waliofanya kazi katika viwanda vya rangi hiyo waliugua na wengine wakafa.

Je, tuseme basi kwamba picha zile ni uongo? Hatusemi hivyo. Mchoraji hakuumba moshi. Aliutazama kwa uaminifu kiasi kwamba katika siku zetu wako wanasayansi waliozichunguza picha za Monet, wakaona kwamba jinsi alivyochora hewa ya London hulingana na uchafu uliokuwamo hewani siku zile. Lakini twasema kwamba uzuri wa picha hauondoi deni. Atazamaye moshi kutoka juu yampasa kuuliza nani yuko chini.

Mtu aliyekuwa chini, akiwatazama walio chini, tunamkuta Manchester. Kule alikuwako Mfaransa Adolphe Valette, aliyezaliwa mwaka 1876 katika mji wa viwanda wa Saint-Étienne, akawa mwalimu katika shule ya uchoraji ya mji wa Manchester. Yeye alileta ufundi wa wenzake wa Ufaransa, akachora mitaa ya Manchester katika ukungu wake wa buluu na zambarau, mifereji yake, farasi na mikokoteni, yapata miaka ya 1908 hata 1913. Wakazi wa mji ule walikuwa wamezoea kwamba mahali pazuri ni mahali pengine. Mgeni ndiye aliyewaonyesha mtaa wao.

Mmoja wa wanafunzi wake wa jioni alikuwa Laurence Stephen Lowry, aliyezaliwa mwaka 1887. Mchana alikuwa mtoza kodi za nyumba, akitembea mtaa kwa mtaa na kubisha mlango kwa mlango, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 1952. Wazazi wake walikuwa wamehamia Pendlebury, kitongoji chenye vinu vya pamba, na mwanzoni Lowry alipachukia. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, siku moja alikosa gari la moshi. Akipanda ngazi za stesheni alikiona kinu kikubwa cha kusokotea pamba, taa zake za manjano, na mamia ya watu wakitoka kazini. Tangu hapo hakuchora karibu kitu kingine kwa miaka mingi.

Lowry hakusimama nje na kiunzi kama Monet. Nje alichora kwa penseli, mara nyingine nyuma ya bahasha aliyoikuta mfukoni. Rangi alizipaka nyumbani, usiku, tena katika miaka ile mama yake alipokuwa mgonjwa kitandani alifanya kazi baada ya mama kulala. Lakini kwa rangi chache yeye ni mwalimu wetu sote. Alikuwa na tano tu maisha yake yote: nyeupe ya risasi, nyeusi ya pembe, zinjifuri, buluu ya Prussia na manjano ya udongo. Picha zake za kwanza zilikuwa na giza mno, na mwandishi wa habari za picha katika gazeti la Manchester alimshauri aone namna ya kuwatenga watu wake na giza. Lowry akakasirika, kisha akajaribu kuwaweka watu juu ya uwanja mweupe kabisa. Alipoona kwamba nyeupe mpya ni kali mno, alisimulia kwamba alipaka kibao mara sita kwa nyeupe ile, akakifunga akakiweka miaka kadhaa. Alipokifungua, nyeupe ilikuwa imegeuka kama maziwa yenye mafuta, na akajua kwamba picha zake hazitaonekana sawasawa mpaka yeye amekwisha kufa. Mtu wa namna hii ameielewa rangi yake kama mkulima anavyouelewa udongo. Alifariki mwaka 1976, na mwaka 2000 jumba kubwa la sanaa lilifunguliwa Salford kwa jina lake, katika eneo lililokuwa magati ya meli za mizigo.

Habari hizi za Ulaya tungeweza kuziachia hapo, kama wasemaji wa Kiswahili wenyewe wasingekuwa na dohani yao. Katika Katanga, kusini mwa Kongo, mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulijengwa mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyushia shaba kikaanza kazi. Dohani yake na kilima cheusi cha takataka za madini vikawa alama ya mji. Wachoraji wa mitaani walivichora mara nyingi sana kwa ajili ya sebule za wafanyakazi. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, akizieleza kwa Kiswahili cha Katanga kwa mtaalamu Johannes Fabian. Miongoni mwake imo habari ya wafanyakazi wa migodi waliogoma na kupigwa risasi katika uwanja wa mpira mwezi wa Desemba 1941.

Wachoraji wale hawakusimama nje na kiunzi. Walichora kwa kukumbuka, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na rangi zao zilikuwa zile walizoweza kununua. Lakini walikuwa na neno moja la kusema kwa nini picha inatundikwa ukutani, nalo ni neno letu sote: ukumbusho. Mfanyakazi aliyetundika dohani sebuleni hakuhitaji kuambiwa kwamba moshi wake ni mchungu. Alijua. Aliitundika kwa sababu maisha yake yalipita chini yake, na watoto wake walilishwa kwa mshahara wa pale, na wenzake wengine hawakurudi.

Sasa twaona kosa letu lilikuwa wapi. Tulidhani uzuri uko mahali, kama maji yalivyo kisimani, na kazi ya mchoraji ni kwenda na ndoo. Kumbe kijana yule alikuwa ameanza penye kumtazama mtu anayempenda akifanya kazi. Tulimwita baadaye tukamwomba radhi; alicheka kidogo akasema hana kinyongo. Lakini karatasi ile alikuwa amekwisha kuitupa, na jambo hilo hatuwezi kulirudisha.

Kwa walimu wenzetu watakaopenda kujaribu, neno la mwisho. Rangi tatu kati ya nne za Apelles ziko nyumbani mwenu: masizi ya chungu, ngeu ya seremala, na udongo wa manjano uliochekechwa mpaka ukawa laini. Ziponde na mafuta ya kitani juu ya kipande cha kioo au jiwe laini. Nyeupe peke yake inunuliwe, maana chaki ikichanganywa na mafuta hupoteza weupe wake. Na mnunue nyeupe ya titani, msinunue ya risasi, kwa ajili ya afya ya watoto. Kata vibao vidogo, visizidi ukubwa wa daftari, kwa kuwa kibao kikubwa hugeuka tanga upepo ukivuma. Chagueni saa moja ya siku mkaishike. Pakeni giza kwanza kwa rangi nyembamba, na nuru mwishoni kwa rangi nzito. Kisha wapelekeni wanafunzi penye gereji, gati, kinu cha mahindi au karakana, mkiisha kuomba ruhusa kwa wenyewe. Mwambieni kila mmoja achore pia mtu mmoja anayefanya kazi pale, na akirudi awaeleze wenzake mtu huyo alikuwa akifanya nini.